Asiyekuja Abebwe

Mimi ni mtu wa saa. Nalisema hilo mapema, asije mtu akadhani nilibadilika sana katika haya nitakayosimulia. Darasani kwangu mlango hufungwa kengele ikilia, na mwanafunzi anayekuja nyuma ya kengele anasoma jiografia yake akiwa dirishani. Kwenye kwaya ya parokia nilikuwa katibu kwa miaka mingi, na waimbaji walinichukia vizuri tu, kwa sababu niliita majina hata siku ya mvua. Sioni haya. Kwaya isiyoita majina ni kundi la watu wanaokutana kwa bahati.

Kwa hiyo mchezo ulipoingia nyumbani kwangu, mtaa wa Nyamianda, kando ya ziwa, nao niliupa saa.

Mchezo wenyewe aliuleta mdogo wangu wa kiume kutoka Bujumbura, alikokuwa anasoma. Ni mchezo wa mezani. Mmoja anaongoza hadithi. Wengine kila mmoja anajitungia mtu wake ndani ya hadithi hiyo, anamsemea, anamwamulia la kufanya, na mambo yakiwa magumu dadu ndizo zinazosema kama ameweza au ameshindwa. Hadithi haiishi siku moja. Mnaiacha Jumapili hii kando ya mto, mnaikuta Jumapili ijayo pale pale kando ya mto, na inaweza kwenda hivyo mwaka mzima au zaidi. Mdogo wangu alipopata njia ya kwenda kusoma mbali, aliniachia dadu ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na fotokopi za kanuni kwa Kifaransa.

"Dada," akaniambia, "weye unapenda kuamuru bantu. Hii njo kazi yako."

Wachezaji sikuwatafuta mbali. Wa kwanza alikuwa jirani yangu wa nyumba za nyuma, dereva wa pikipiki, mwanamume mwenye mke na watoto, anayelijua kila shimo la barabara kutoka mpakani na Burundi hadi mwisho wa mji. Katika hadithi alijifanya mwongoza njia. Alisema hana akili ya kutunga kazi nyingine.

Wa pili alikuwa mkulima wa Runingu, kule bondeni, katekista, mtu wa Kirundi na wa maneno machache, ambaye Jumapili nyingi alikuja mjini kumwona binti yake aliyepanga karibu nami. Huyo alisita. Aliuliza kama dadu si kamari. Nilipomwambia kwamba hakuna kinachowekwa mezani isipokuwa chai, akasema "Ego," yaani ndiyo, akavuta kiti. Yeye alikuwa fundi wa madaraja, kwa sababu kila mvua zikija mto unakata njia ya shamba lake na hakuna mtu anayekuja kuitengeneza.

Wa tatu alikuwa mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Alikuwa ananiletea ndagala kavu Jumapili alasiri, na siku moja alisimama mlangoni beseni likiwa bado kichwani, akasikiliza mpaka nikamwambia alitue, shingo itamvunjika. Akalitua, akatuangalia mmoja mmoja.

"Na minye? Minye siko mu hadithi?"

Nikamuuliza anataka kuwa nani. Nilidhani atataka kuwa mfanyabiashara.

"Soko nafanya kila siku," alisema. "Huku siuzi kitu. Munipe mukuki."

Tukampa mkuki. Sijawahi kumwona mtu akifurahia kitu ambacho hakipo namna ile. Aliuliza mpini wake ni wa mti gani, na kama unashika vizuri mkono ukiwa na maji. Alikuwa na umri wa kuwa shangazi yangu mdogo, mwenye kicheko kikubwa na macho ambayo hayakuwa yakicheka kila mara kicheko kinapotoka. Mumewe alikuwa mvuvi. Nilijua kwamba alipotelea ziwani miaka ya nyuma, kama inavyojulikana mtaani, yaani bila kuulizwa.

Hadithi yetu ilikuwa ya mji uliomezwa na maji. Sikufikiri sana kuitunga. Miaka hiyo ziwa lilikuwa limepanda, nyumba za chini zilikuwa zimesimama ndani ya maji mpaka madirishani, na mama mwenyewe alikuwa amehama huko akapanga chumba karibu na soko. Katika hadithi, watu wa mji wamebaki juu ya mapaa, na hawa watatu wametumwa milimani kutafuta mahali pa kujenga upya. Wakichelewa, walio juu ya mapaa wanazidi kusubiri. Niliweka hivyo kwa makusudi, ili watu wasizembee.

Wakazembea vilevile. Dereva alikuja hadithi ikiwa katikati, akauliza tumefika wapi, nikalazimika kuanza tena. Mkulima aliondoka mapema akiwahi gari la kurudi bondeni. Mama, mwezi ukiwa giza na ndagala zikijaa, hakuonekana kabisa. Mimi nilikaa na chai yangu ikipoa, hasira zinapanda. Wakaanza kuniita Madame Préfet, kama mkuu wa shule, na ingekuwa utani kama wangenitania wakiwa wamefika kwa wakati.

Basi nikaandika kanuni. Kwetu watu wanne wakikutana mara mbili, mara ya tatu wana rais, katibu na mtunza nidhamu, na ile karatasi inayoitwa règlement ambayo hakuna chama kisichokuwa nayo, hata cha wacheza kandanda wastaafu. Niliichukua ya kwaya nikabadilisha maneno machache. Kuanza ni saa tisa. Mwenye kukosa atume habari kabla ya Jumamosi jioni. Msiba na ugonjwa vinaeleweka. Anayekosa mara tatu mfululizo bila neno, mtu wake katika hadithi atakufa, wenzake watamzika, safari itaendelea. Chini kabisa nikaandika kwa herufi kubwa: asiyekuwapo na lake halipo.

Wote walitia sahihi. Mkulima tukamfanya mtunza nidhamu, naye kabla ya kusaini alifumba macho akaomba kidogo.

Kosa lilikuwa humo ndani na hakuna aliyeliona. Kwenye kwaya ukimfuta mtu jina, mtu anabaki mzima na kesho anaimba parokia nyingine. Kwenye hadithi hakuna namna ya kumfuta mtu isipokuwa kumuua. Lakini kanuni zilifanya kazi. Miezi mingi saa tisa ilikuwa saa tisa. Dereva alizima pikipiki mlangoni kabla sijaweka sufuria ya chai, akanionyesha saa ya simu yake na kucheka. Walivuka msitu, walikosana na wakaelewana, mama alimchoma nyani mmoja mkubwa kwa mkuki wake na akalisimulia jambo hilo sokoni, mpaka wenzake wakamuuliza nyani huyo alikuwa milima gani.

Halafu dereva akapotea.

Aliondoka asubuhi moja na abiria na hakurudi. Siku zile mpaka ulikuwa unafungwa na kufunguliwa bila watu kuambiwa, na kwenye njia ya bondeni kulikuwa na risasi. Simu yake haikuita. Mke wake alikuja kwangu kuuliza kama alisema neno lolote siku ya mchezo, nikamwambia hakusema. Mtaa ukaanza kazi yake. Kuna aliyesikia kwamba pikipiki imeonekana kwenye mtaro. Kuna aliyesikia kwamba imeonekana ikiendeshwa na mtu mwingine. Jumapili ya kwanza hatukucheza, ya pili tukacheza kidogo bila moyo, na ya tatu nikatoa karatasi.

Sikufanya hivyo kwa ukatili. Nilikuwa na huzuni, na mimi huzuni yangu inapenda utaratibu. Nikawaambia kwamba kanuni ni kanuni, kwamba walio juu ya mapaa wanasubiri, na kwamba tutamzika mwongoza njia kwa heshima, chini ya mti mzuri, mkulima atasema sala. Nilikuwa hata nimefikiria mti gani.

Mama aliweka kikombe chini.

"Nani alikuambia amekufa?"

"Hakuna aliyeniambia," nikasema. "Ni kwenye mchezo tu, mama. Kanuni inasema..."

"Bibi yake iko nyuma ya huu ukuta. Akisikia kwa Madame bamezika bwana yake, atajua ni mu mchezo? Mutaa wote utasema bamemuzika. Na weye utazunguka nyumba kwa nyumba na karatasi yako kubaelezea?"

Mkulima alisema polepole, "Ni kweli. Lakini na sisi tulisaini."

"Nilisaini," mama alijibu. "Hata ile ya mbele, ya bwana yangu, nilisaini."

Ndipo akatueleza. Mumewe aliondoka jioni na mtumbwi na taa zake, upepo ukaja, na asubuhi waliorudi hawakuwa na habari zake. Walimtafuta kwa siku nyingi kando yote ya ziwa, upande huu na upande wa Burundi. Hawakupata hata ubao. Sasa kwetu ziwani kuna familia ambazo mtu akipotelea majini na asionekane, baada ya muda wanakata mgomba, wanauvika nguo yake, wanauzika. Ni ili kilio kipate kuisha, kwa sababu kilio bila kaburi hakiishi. Watu hawawezi kukaa chini kwa kilio kila siku, na roho ya marehemu nayo inahitaji mahali. Wakwe zake hawakuwa watu wabaya. Mama mkwe alikuwa mzee na alitaka kujua mtoto wake amelala wapi kabla naye hajalala. Wakamwomba mama alete shati la mumewe.

"Nikaleta shati. Muzuri, la kwenda kanisani. Bakavalisha mugomba. Bakasema, mujane atangulie kutupa udongo, nikatupa. Toka ile siku, muntu akiuliza bwana yangu iko wapi, nasema alikufa, sababu nilimuzika minye mwenyewe. Lakini hakuna muntu alikuja kuniambia. Hata mumoja. Kama nilingoja bure, ningengoja bure. Ilikuwa kungoja kwangu."

Mkulima aliinamisha kichwa. Nje watoto walikuwa wanapiga mpira wa matambara kwenye ukuta wangu, jambo ambalo kawaida hutoka nikalikemea.

Mwishowe nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka, "Sasa tufanye nini? Tukae pale pale msituni mpaka lini? Mji mzima unasubiri juu ya mapaa."

"Hapana kukaa," mama alisema. "Tutembee. Tumubebe."

Akafungua kitenge cha pili alichokuwa amejifunga juu ya kile cha kiunoni, cha buluu chenye maua ya njano, akakitandika juu ya kiti cha dereva, kama watu wanavyomfunika mgonjwa anayeshushwa kutoka milimani kwa tipoyi, ile machela ya miti miwili inayobebwa mabegani. Akakilainisha kwa mkono, akarudi kukaa.

"Iko analala," akasema. "Ana homa. Fundi, shika mbele. Minye nashika nyuma."

Nilimpenda sana mwanamke yule saa ile. Lakini sikukubali iwe bure. Kubeba mtu si maneno, mwulize yeyote aliyeshusha mgonjwa kutoka juu mpaka barabarani. Nikachana kanuni ile ya kifo na nikaandika nyingine, mbele yao: asiyekuja abebwe. Tipoyi ina wabebaji wawili. Mbebaji hashiki silaha wala chombo cha kazi. Mwendo unakuwa nusu. Maji ya kunywa yanagawanywa, na mgonjwa anapewa kwanza. Nilitaka yule asiyekuja, popote alipo, awe na uzito. Na mwenye kukosa Jumapili kwa uvivu ajue kwamba kuna mabega ya watu yanauma kwa sababu yake.

Wakabeba. Jumapili baada ya Jumapili walimbeba yule mwongoza njia, na bila mwongoza njia wakapotea mara nyingi, kwa sababu ndiye aliyekuwa ndani ya tipoyi. Kwenye mto mkubwa hakukuwa na daraja, na fundi mikono yake ilikuwa kwenye miti ya machela. Nikawaambia wanaweza kumweka chini kidogo, wajenge, wamrudie. Mama akauliza kuna nini upande huu wa mto. Nikasema kuna fisi. Wakavuka kwa miguu, maji kifuani, dadu zikaenda vibaya, na nikasema kwamba mmoja lazima aachie kitu: ama mti wa tipoyi ama mkuki aliokuwa ameufunga mgongoni, maana mkondo umeushika na unamvuta.

Mama aliuangalia mkono wake wa kulia, ule uliokuwa umeshika kikombe cha chai.

"Uende," akasema. Na mkuki ukaenda na maji.

Mke wa dereva alikuwa amesikia. Mtaa ulimwambia, kama mama alivyotabiri, lakini ulimwambia kingine: kwamba kwa Madame wanambeba mume wake. Alikuja siku moja akasimama mlangoni, akakiona kile kitenge kwenye kiti. Alituachia sahani ya mihogo ya kuchemsha, akaondoka. Jumapili zilizofuata ikawa desturi.

Dereva alirudi. Mpaka ulimfungia ng'ambo, pikipiki ilichukuliwa na watu wenye bunduki, simu ilienda pamoja nayo, naye akaugua huko kwa watu asiowajua. Alirudi amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Alikuja kwangu Jumapili saa tisa kamili, akabaki kwenye kizingiti.

"Madame, najua règlement," alisema. "Nilikosa sana. Nimekuja kusalimia tu. Minye siko tena mu hadithi."

"Uko," mkulima alisema. "Uko unalala kwenye kiti."

Tukamweleza. Alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi. Tulipofika kwenye mto na mkuki, alimgeukia mama.

"Mkuki wa nyani?"

"Njo ule."

Aliketi, akaondoa kitenge polepole, akakikunja vizuri na kumrudishia mama kwa mikono miwili. Jambo la kwanza alilofanya mtu wake alipofumbua macho lilikuwa kushuka mtoni kuutafuta mkuki. Akatupa dadu, akashindwa. Akaomba kujaribu tena, nikasema kanuni haziruhusu. Mama akacheka, safari hii macho nayo yakacheka, akamwambia aache, hata hivyo mabega yake sasa yamezoea kubeba, mkuki ungemsumbua.

Ningependa kuishia hapo.

Mwaka huu mji wetu ulipata siku ambazo sitazieleza. Waliokuwepo wanazijua na wasiokuwepo wamesikia vya kutosha. Watu walikimbia kwa makundi, wengi kuelekea mpakani. Asubuhi moja mama alipita kwangu akiwa na mzigo kichwani. Aliniachia beseni lake kubwa la ndagala, kwa sababu lilimzuia kutembea upesi, na ndani yake kitenge cha buluu chenye maua ya njano.

"Nitachukua Jumapili," alisema.

Nikamwambia asichelewe. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia.

Jumapili hiyo hakukuwa na mtu barabarani, wala misa. Zilizofuata, watu walianza kurudi kidogo kidogo. Dereva alirudi na familia yake. Mkulima alipiga simu kutoka Runingu, sauti ikikatika, akasema njia imekatwa, kwamba yuko mzima na wa kwake wazima, na kwamba tumbebe polepole kwa sababu yeye ni mzito kuliko yule wa kwanza. Mama hakupiga. Namba yake haikupatikana. Niliuliza kila aliyerudi kutoka kambi za ng'ambo. Mmoja alisema alimwona kwenye foleni ya maji. Mwingine, kwamba aliyeonekana ni mama mwingine wa soko hilo hilo. Mmoja alisema kuna mtumbwi uliozama usiku ule, watu wengi ndani. Alimwona ndani ya mtumbwi? Hapana. Alisikia tu.

Niliendelea kuuliza. Nilijifunza kwamba ukiuliza sana watu wanaanza kukuonea huruma, kisha wanaanza kukukwepa.

Baada ya miezi, shemeji ya mama alikuja, mdogo wa yule mvuvi. Ni mtu wa adabu. Alikaa pale pale mama alipokuwa anakaa, na sikumwambia ahame. Alizungumza kwanza habari za mvua, halafu za bei ya chumvi, mpaka nikaona anazunguka.

"Madame," akasema mwishoni, "mama muzee hana siku nyingi. Anataka tumuzike muke wa mutoto wake, kilio kiishe. Tumeshakata mugomba. Lakini vitu vyake vyote vilichukuliwa, hatuna hata nguo moja. Banasema weye uko na kitenge chake."

Kitenge kilikuwa ndani ya beseni, nyuma ya mlango, hatua chache kutoka miguuni kwake. Nilikuwa nimekifua na kukianika mara mbili ili kisipate harufu ya unyevu.

"Nani aliwaambia amekufa?" nikamuuliza.

Alinitazama kwa mshangao, si kwa hasira. "Hakuna muntu alituambia. Njo shida yenyewe, Madame."

"Basi sitatoa."

"Tutangoja mpaka wakati gani?"

"Sijui."

"Bila kuzika, kilio hakitaisha," alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto.

"Kisiishe," nikasema. "Mwambieni mama mzee nitakuja kukaa naye. Nitakuja kila siku akitaka. Lakini kitenge hapana."

Aliinuka. Pale mlangoni aliniambia kwamba mimi ni mtu wa shule na kwamba watu wa shule hawajui uzito wa jambo hili. Sikubishana naye. Alikuwa amechoka, na alikuwa na haki ya kuchoka. Amezika kaka mara moja bila mwili, sasa anatakiwa asimzike shemeji. Baadaye nilienda kweli kukaa na yule bibi mzee. Alinishika mkono na hakuniuliza kuhusu nguo.

Jumapili iliyofuata dereva alikuja saa tisa. Tulikuwa wawili tu. Nilikuwa nimeweka chai, na kopo la dadu, na viti vinne kama kawaida. Nikatoa kitenge ndani ya beseni, nikakitandika kwenye kiti cha mama, nikakilainisha kwa mkono. Kiti cha mkulima nilikiacha wazi. Yeye sauti yake tulikuwa nayo.

Dereva alihesabu kwa macho. Wagonjwa wawili, tipoyi mbili, mbebaji mmoja.

"Madame," akasema, "tipoyi ina miti miwili. Kanuni yako inasema wabebaji wawili."

"Nimeiandika mimi. Naijua."

"Sasa nani anashika nyuma?"

Kwa miaka yote ile sikuwahi kuwa na mtu wangu ndani ya hadithi. Mwenye kuongoza hana mtu. Anakaa juu, anasema mto una kina gani na fisi wako wangapi, na yeye halowi. Nikachukua karatasi, nikamtunga mwanamke mmoja. Dereva aliuliza huyo anajua kazi gani. Nikafikiri, nikasema hajui mkuki, hajui madaraja, hajui njia. Ana mabega tu. Amewakuta barabarani.

"Tutabeba mumoja mpaka mbele, tunamulaza, tunarudi kuchukua mwingine?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na wale wa juu ya mapaa?"

"Watusubiri. Na sisi tunasubiri."

Akatikisa kichwa, akavuta kiti chake karibu. Tuliamua mama aanze. Yeye akashika mbele kwa sababu anajua njia, mimi nikashika nyuma, upande aliokuwa anashika mama siku zote, ambako mbebaji anaona uso wa anayebebwa. Nikatupa dadu kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mtu wangu mwenyewe. Zikasema tumeweza.

Ni mzito. Mpaka leo hatujamwacha njiani.